Wiki Tatu katika Nyumba ya Kelele

Niliondoka nyumbani Asembo kwa sababu ya sifa ya ukimya. Mwalimu mkuu wa shule yetu ya bweni alikuwa amepokea barua kutoka kwa Wayahudi wa Nairobi. Wao na walimu wao kutoka ng'ambo walikuwa wanaleta Kisumu programu ya masomo ya wiki tatu kwa wanafunzi wa Kiyahudi wa sekondari, wengine wa Nairobi, wengine wa mbali. Kwa kuwa wanakuja kwenye ziwa la watu, waliomba wanafunzi wanne wa hapa wajiunge nao. Mwalimu mkuu aliniteua mimi, Awuor wa kidato cha pili, bila kusita. "Huyu hatatuaibisha," aliwaambia walimu wenzake. "Hana mdomo."

Alisema kweli. Nilikuwa kiranja wa darasa, na kazi ya kiranja katika shule zetu mnaijua: mwalimu akitoka, unakaa mbele na kalamu, unaandika orodha ya wapiga kelele. Mimi niliandika bila huruma. Niliwahi kumwandika binamu yangu kwa kupiga chafya mara tatu.

Kulikuwa na jambo jingine, nililopanda nalo melini kama jiwe ndani ya kiatu. Shangazi Rosa, dada yake baba, alikuwa amenitafutia nafasi Nairobi katika chuo cha taipu. Nianze Januari, nikimaliza niingie ofisini anakofanya kazi yeye. Baba alikuwa ameshakubali. Alikuwa karani wa chifu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kazi aliyoiona kwa macho aliithamini kuliko mtihani ambao haujafanywa. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema. Mimi nilitaka kumaliza kidato cha nne. Sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu kwetu neno la baba likishatoka limetoka.

"Nenda," aliniambia nilipomwonyesha barua. "Ukirudi tutazungumza mambo ya Januari."

Baba akisema "tutazungumza", maana yake yeye atazungumza na mimi nitasikia.

Asembo Bay, saa moja asubuhi, mwanzo wa likizo ya Agosti. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na meli ya abiria bado ilipita kwetu ikienda Kisumu. Gati lilikuwa limejaa magunia, kuku, na watu wanaosindikiza watu. Mama yangu huuza samaki, na hakuna safari aliyowahi kuiaga mikono mitupu. Aliniletea ngege sita wa kukaushwa, amewatunga kwa kamba ya mafunjo kupitia mashavuni. Alikuwa amewaparua magamba usiku uliotangulia, moja moja, mpaka ngozi ikang'aa.

"Mgeni hapewi samaki mwenye magamba," alisema. Kisha akafunga kamba mbele yangu kwa fundo lake: anazungusha mara mbili, anapitisha mkia chini, anauvuta kushoto. Nimeliona fundo hilo tangu nizaliwe. "Wape wenyeji wako. Na usiongee sana, nyathina, mwanangu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Ziwani. Sitaki kudanganya, nilisimama sitahani safari nzima na sikukaa hata mara moja. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya peke yangu, na moyo uliruka kila king'ora kilipolia. Vilima vya Seme vilipita taratibu upande wa kushoto. Karibu na Kisumu tulipita kisiwa kidogo cha majani mabichi yenye maua ya zambarau, yanaelea. Abiria waliyasifu. Wakati huo hatukujua gugu lile litakuja kutusumbua vipi.

Bandarini Kisumu, karibu saa sita. Nilipokewa na mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ndogo iliyokaa kisogoni. Nilikuwa nimejitayarisha kwa Kiingereza changu chote. Akafungua mdomo na kutoa Kiswahili cha mashamba ya Kano.

"Wewe ndio Awuor? Karibu, mama. Mimi naitwa Mwalimu Ezra. Nilifanya kazi ya maji Ahero zamani, kwa mpunga. Kwa hivyo usinisengenye, nitasikia."

Pamoja naye alikuwa msichana wa umri wangu, mwembamba, miwani mikubwa, jina lake Tamar. Alizaliwa Nairobi na baba yake hutengeneza saa za mkono. Alinipa mkono kama watu wanaojuana. "Sasa, Awuor. Wewe na mimi ni washirika. Tutagombana wiki tatu," alisema kwa furaha. Nilidhani nimemsikia vibaya.

Tulifika kwenye shule waliyoazimwa, upande wa Dunga, ambako ziwa huonekana kutoka madirishani. Nikatoa ngege wangu. Mwalimu Ezra aliwapokea kwa mikono miwili, akawageuza, akawatazama sana ngozi.

"Magamba iko wapi?"

Nikaeleza kwa fahari kwamba mama amewaparua vizuri, kwa heshima ya wageni. Tamar akajishika paji la uso. Kumbe sheria yao inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba tu, na asiye na magamba mpishi wao hawezi kumpitisha mlangoni, kwa sababu atajuaje kwamba aliwahi kuwa nayo? Mama alikuwa amekesha akiondoa kile hasa walichohitaji kukiona. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini Mwalimu Ezra alicheka hadi machozi. Akasema hajapata kupewa zawadi iliyotengenezwa kwa bidii namna hiyo, na akawapeleka samaki kwa Mzee Odhiambo, mlinzi wa lango, ambaye tangu siku hiyo alinisalimu kabla sijamsalimu. Mimi nilibaki na kamba. Niliiweka kichwani mwa kitanda, fundo likiwa limefungwa vilevile.

Asubuhi ya kwanza tuliingia darasani. Madawati hayakuelekea ubaoni. Yalikuwa yameelekezwa mawili mawili, uso kwa uso. Kila wawili walipewa karatasi yenye maneno ya walimu wao wa kale kuhusu sheria, na tafsiri ya Kiingereza pembeni. Mwalimu Ezra alisema, "Anzeni." Basi.

Jamani, kelele. Watu ishirini na wawili wakasoma kwa sauti kwa pamoja, kisha wakaanza kubishana. Mvulana mmoja alipiga meza. Mwingine alisimama juu ya benchi. Wawili nyuma yangu walikuwa wanakanushana kwa vidole. Tamar alinisomea mstari mmoja akaniuliza, "Unasemaje?" Nikasema ndiyo. "Ndiyo nini?" Nikasema ndiyo, ni sawa. Akanitazama kama mtu aliyerusha mpira usirudishwe.

Nilivumilia siku moja. Siku ya pili Mwalimu Ezra alitoka kidogo, na mazoea yakanishinda. Nilichukua kalamu, nikasogeza kiti mbele, nikaandika. Mwalimu aliporudi nilisimama wima nikampa karatasi kwa mikono miwili. Ilikuwa na majina ishirini na moja, la Tamar likiwa la kwanza. Chini nilikuwa nimependekeza adhabu: kufyeka nyasi za uwanjani.

Chumba kilitulia kwa mara ya kwanza. Mwalimu Ezra alisoma majina yote polepole. Nilitarajia kusifiwa.

"Hii ni nini, mama?"

"Orodha ya wapiga kelele, Mwalimu."

"Hapana," alisema. "Hawa hawapigi kelele. Hawa wanasoma." Akaisoma tena mpaka chini. "Lakini naona kuna mtu mmoja hayuko. Jina yako iko wapi?"

Aliikunja orodha ile akaiweka mfukoni mwa shati, na siku zote zilizofuata niliiona ncha yake ikichungulia. Wenzangu hawakunichukia, jambo lililonishangaza. Walikuja mmoja mmoja kuuliza walikuwa namba ngapi. Yule wa juu ya benchi alisikitika kuwa wa tisa.

Ijumaa jioni, jua likielekea majini, mishumaa miwili iliwashwa, tukaimba, tukala mkate uliosukwa kama nywele. Tamar alinieleza kwamba hadi kesho jioni hakuna kazi, hakuna moto wa kuwasha, na hakuna kuandika. "Hata jina moja," aliniambia, na meza nzima ikaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Sisi nyumbani ni watu wa Jumapili, lakini siku ya kupumzika niliijua. Kilichokuwa kigeni ni kwamba hata siku ya kupumzika walibishana, tena kwa raha zaidi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka.

Wiki ya pili, Jumanne asubuhi. Siku hii naikumbuka kuliko zote. Karatasi ilihusu vitu vilivyookotwa njiani: kipi ni cha aliyeokota, na kipi lazima kitangazwe mwenyewe atafutwe. Tamar alisoma orodha. Matunda yaliyotawanyika, ni ya aliyeokota. Samaki waliotungwa kwenye kamba, ni wa aliyeokota, maana hawana alama ya mwenyewe.

"Sawa?" aliuliza Tamar, bila matumaini.

"Si sawa," nilisema.

Alinyanyua kichwa. Sauti yangu ilikuwa imetoka kubwa kuliko nilivyoipangia.

"Si sawa hata kidogo. Samaki wa kamba wana alama. Fundo ndilo alama. Mama yangu anazungusha mara mbili, mkia chini, kushoto. Ukiokota kamba hiyo barabara ya Asembo ukasema ni yako, wanawake wa soko watakucheka mpaka uhame."

"Ngoja," alisema Tamar, macho yamewaka. "Fundo ni fundo. Watu elfu wanaweza kufunga hivyo."

"Hawawezi."

"Wanaweza, na nitakuonyesha."

Nilikimbia bwenini nikaleta kamba. Niliipiga juu ya meza. Ndiyo, niliipiga meza. Tulibishana hadi kengele ya chakula, sauti zetu zikiwa juu ya zote, na nilipogeuka Mwalimu Ezra alikuwa amesimama nyuma yetu na ile orodha yangu mkononi. Alichukua kalamu, akaandika jina langu chini kabisa, namba ishirini na mbili. Sijawahi kufurahia kuandikwa popote kama siku hiyo.

Kisha akatuambia kitu kilichonisisimua. Wale walimu wa kale, baada ya kuandika kwamba kamba ya samaki haina alama, waliuliza swali hilohilo: je, fundo? Waliishi mbali mno na Asembo, zamani mno, na bado kuna mtu aliyekuwa ametazama fundo la mwenye samaki. Nilijiona nina ndugu mahali nisipopajua.

"Sasa kuna sheria moja," alisema. "Huko kwao kulikuwa na nyumba mbili za walimu, zinabishana kila siku. Watu walifuata ile moja. Unajua kwa nini? Walikuwa wanasema kwanza maneno ya wale wengine, tena wanasema vizuri. Halafu ndio wanasema yao. Kesho Awuor atasema hoja ya Tamar. Tamar atasema ya Awuor."

Dunga, Jumatano, mitumbwi ikiingia. Tulikuwa tumeamua kupima ubishi wetu penye samaki wenyewe. Mpishi alikuja pia, akawaomba wauzaji wasiparue chochote, na akina mama wakamwonea huruma. Tuliwaomba wanawake watano kila mmoja atupe kamba moja aliyoifunga, tukazichanganya nyuma ya mtumbwi, kisha tukaziweka juu ya mkeka. Ikaja zamu ya kuchagua. Wa kwanza alichukua yake hata hajainama. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Nilikuwa nimeshaanza kumtazama Tamar kwa jicho la ushindi.

Wa nne, mama mnene mwenye leso ya kijani, alichukua kamba mbili.

"Hii ni yangu," alisema. "Na hii pia ni yangu."

"Mama, umefunga moja tu," nilimwambia kwa adabu.

Akazigeuzageuza. Mwanamke wa tano, aliyebaki bila kamba, akaanza kucheka. "Sisi wawili ni wake wa bwana mmoja," alisema. "Mama mkwe alitufundisha siku moja, hapa hapa. Hata mimi sijui gani ni yangu. Tugawane tu."

Tamar alirukaruka mchangani. Mimi pia nilirukaruka, ingawa nilikuwa nimeshindwa nusu. Tulirudi tukibishana upya: kwa hiyo fundo ni alama ya nyumba, si ya mtu? Na aliyeokota atangaze kwa nani? Siku hiyo nilisema hoja ya Tamar vizuri kuliko alivyoisema yeye, na alikiri.

Ahero, wiki ya tatu. Mwalimu Ezra alitupeleka kuona mifereji ya mpunga aliyoifanyia kazi ujanani. Wazee walimtambua kwa mbali, wakamwita kwa jina walilompa wao, Ja-pi, mtu wa maji. Alituonyesha vilango vya kufungulia maji, na jinsi tofauti ya kimo cha kidole kimoja inavyoweza kulinyima shamba zima maji. Niliuliza maswali hadi wenzangu wakaenda kukaa kivulini. Nilitaka kujua ni nani anayepima, kwa kifaa gani, na mafuriko yakija anafanya nini.

"Hii kazi inataka hesabu na fizikia," alisema. "Unamaliza kidato cha nne, halafu unakuja tunaongea."

Ndipo nikamwambia habari ya Januari. Nilimwomba amwandikie baba barua. Alifikiri, akitupa vijiti kwenye mfereji.

"Barua yangu baba yako atasoma, atasema asante, ataweka kwa sanduku. Wewe umeongea na yeye?"

"Baba habishiwi, Mwalimu."

"Umejaribu lini?"

Nami nikatupa kijiti changu, kikaenda na maji.

Siku ya kuondoka, bandarini Kisumu. Tamar alinishika mkono hadi king'ora cha pili. Nilimpa ile kamba ya mama. Yeye alinipa karatasi iliyokunjwa, na ndani yake ilikuwa orodha yangu, majina yote ishirini na mawili, Mwalimu Ezra amemwomba anirudishie. "Oriti," alisema, neno la kuaga nililomfundisha, na akalitamka kama mtu wa Nairobi. Nililia kidogo ziwani, kisha nikaanza kufanya mazoezi. Upepo wa sitahani ulisikia hoja za Shangazi Rosa kuanzia Kisumu hadi Asembo.

Nyumbani, siku ya kwanza nilisimulia tu. Niliposimulia habari ya orodha na jibu la mwalimu, mama alicheka akifuta macho kwa upindo wa kanga, akajilaumu kwa yale magamba. Baba hakucheka. Aliuliza kama zile nyasi zilifyekwa.

Jumapili, baada ya kanisa, nilimkuta verandani na redio yake. Nilikalia kigoda mbele yake, uso kwa uso, nikamwomba azime redio. Aliizima, nafikiri kwa mshangao.

"Baba, kabla hatujazungumza mambo ya Januari, nataka niseme hoja za shangazi."

"Sema."

Nikazisema. Kwamba kazi iko tayari na mtihani unaweza kuniangusha. Kwamba Nairobi nitakaa kwa mtu wa damu yangu. Kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Kisha nikaongeza moja ambayo hakuna aliyewahi kuitaja: kwamba yeye mwenyewe ameanza kuzeeka, na angependa kuniona nimesimama kwa miguu yangu angali na nguvu za kuona. Baba aligeuza uso akatazama ua kwa muda.

"Shangazi yako hajawahi kusema vizuri hivyo," alisema. "Haya. Na zako?"

Nilikuwa na tatu. Ya kwanza, kwamba taipu inaweza kujifunzwa baada ya kidato cha nne, lakini kidato cha nne hakirudi baada ya taipu. Ya pili ilikuwa Ahero, vile vilango, kimo cha kidole kimoja, na kazi ambayo Kano itaihitaji kila mvua ikinyesha. Ya tatu, kwamba wenzangu wote wanaendelea.

Mkono wa baba ulikwenda kwenye mfuko wa shati ambako karani huweka kalamu, na kalamu ilikuwepo. Nilisubiri neno litoke, maana nilijua likitoka limetoka.

"Hiyo ya tatu ni dhaifu," alisema. "Kwa chifu, mtu akisema 'wengine wote wanafanya', tulijua amekosa la kusema. Rosa ataiangusha hata hajamaliza kusoma barua. Tafuta nyingine."

Ilinichukua muda kuelewa. Barua ilikuwa inakwenda kwa Rosa, na baba alikuwa amehamia upande wangu wa meza. Alivuta kiti karibu, akaomba karatasi. Sikuwa na nyingine mkononi ila ile orodha, basi tukaandika nyuma yake. Nilileta hoja mpya, akaikataa. Nikaitetea, akapiga mkono wa kiti. Nikapaza sauti, naye akapaza yake, sauti niliyokuwa nikiisikia zamani nikiwa mdogo nje ya ofisi ya chifu, na ambayo tangu astaafu nilidhani imekwisha.

Mama alitokea mlangoni, mikono imejaa magamba ya ngege. "Kuna nini huku? Majirani wamesimama. Mnagombana?"

Baba hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Hatugombani," alisema. "Tunasoma."